Wenyeji na Waliofukuzwa: Habari za Hifadhi Katika Nchi ya Haydom

Tunapozungumza habari za watu wasio na makao, fikira zetu hukimbilia mara moja Dar es Salaam au Nairobi, kwa watoto wanaolala barazani mwa maduka. Haydom haina baraza nyingi za namna hiyo, na wako watumishi wenzangu wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo swali hili halituhusu. Historia ya wilaya za Mbulu na Hanang yasema vingine.

Katika desturi ya sisi Wairaqw, binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa hakuruhusiwa kuzaa chini ya paa la baba yake. Aliaminiwa kuwa katika hali ya unajisi iitwayo metimani, na unajisi huo ungeweza kuipata nyumba, mifugo na hata mashamba ya majirani. Basi alitolewa. Hakushiriki chakula wala vyombo na wengine, na hakuna jirani Mwiraqw aliyethubutu kumpokea, kwa maana kumpokea kulikuwa kuuhamishia mlangoni pake msiba wa mwingine. Watu hawa hawakuwa wakatili kuliko wengine. Walikuwa wakiilinda nchi yao kama walivyoijua. Lakini msichana alilala porini.

Tena hakulala huko siku zote, kwa sababu ng'ambo ya mpaka walikuwako Wadatoga. Hawa ndio ambao wengi wetu bado tunawaita Wamang'ati, neno la Kimasai lenye maana ya adui, nasi twalitumia hata katika mahubiri bila kuona haya. Kwa Wadatoga mimba ya binti mgeni haikuwa na hatari ile. Nyumba yenye mama asiyejaliwa watoto ilimpokea kwa furaha. Mtoto alizaliwa, akapewa jina na ukoo, na mara nyingi mama yake aliolewa huko huko. Hata leo wako Wadatoga ambao bibi zao walikuwa mabinti wa Kiiraqw waliofukuzwa. Tusiipambe habari hii kupita kiasi. Wenyeji walipata faida: walihitaji watoto, na walipata mke pasipo mambo mengi ya posa. Wako pia mabinti waliorudi kwao baadaye wakimwacha mtoto nyuma. Hata hivyo, wanafunzi wangu wanaposoma Mwanzo 16 na 21 na kuuliza ni nani angempokea Hajiri kule jangwani, huwajibu kwamba katika nchi yetu jibu lajulikana, nalo si Kanisa.

Hospitali ya Haydom, iliyojengwa na Wamisioni Walutheri wa Norwei na kufunguliwa mwaka 1955, ilileta paa la namna nyingine. Mtoto aliyezaliwa wodini hakuzaliwa katika nyumba ya baba wa binti, na naamini kwamba jambo hilo peke yake lilipunguza hofu katika jamaa nyingi. Bali hospitali ni mahali pa siku chache. Baada ya kuzaa, binti alitoka na mtoto mgongoni, na swali la kale lilimngojea langoni. Kanisa nalo lilikuwa na nidhamu yake: aliyepata mimba alitengwa na Meza ya Bwana, jina lake likasomwa mbele ya usharika. Sisi tuliohubiri kwamba metimani ni giza la zamani tuliweka karipio mahali pale pale.

Ikawa wenyeji wenyewe nao wakafukuzwa. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano katika uwanda wa Basotu wilayani Hanang, yapata ekari 100,000, nayo ilikuwa malisho bora kabisa ya Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga. Maboma yalichomwa moto. Makaburi ya wazee wao, ambayo kwao ni mahali patakatifu, yalilimwa kwa matrekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki, wakashinda katika Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo, kwa kuwa kijiji hakikuthibitisha kwamba kilikuwa kimegawiwa ardhi ile kisheria. Kukaa juu ya nchi vizazi kwa vizazi hakukutosha. Wengi walihama na ng'ombe wao, wengine hata mikoa ya kusini. Waliosogea upande wetu walikuta mashamba yetu, na mara nyingi tulizungumza nao habari za mahindi yaliyoliwa na ng'ombe kabla ya kuwauliza walikolala.

Nilipokuwa mchungaji kijana, wazee wa usharika niliokuwa nikiutumikia waliniletea jina la binti mmoja, nami nikalisoma Jumapili kama ilivyokuwa kawaida. Baba yake, mtu wa Kanisa, alimfungia mlango jioni ile ile. Mwezi mmoja baadaye nilimkuta kwa jamaa ya Kidatoga ng'ambo ya bonde, watu waliokuwa wamehama kutoka Hanang na wasio na shamba wala hati. Mama wa nyumba alinipa maziwa katika kibuyu kile kile alichokuwa akikinywea binti. Sikuulizwa neno lolote, nami sikuwa na la kusema.

Tangu hapo, katika sharika nilizotumikia, nimeomba jambo moja kwa wazee: kabla jina halijaletwa kwangu, wawili kati yao, mmoja wao mwanamke, waende nyumbani kwa binti, wazungumze na baba na mama, na warudi na habari ya mahali atakapolala mpaka azae na baada ya kuzaa. Baba akikataa, Umoja wa Wanawake hutafuta nyumba ya Mkristo, na usharika huchangia debe la mahindi kila mwezi ili mwenyeji asilemewe. Mara mbili baba alilainika alipoona mzee wa Kanisa akimchukua binti yake. Mara moja hatukupata nyumba ya Mkristo hata moja, tukavuka tena bonde kwenda kuuliza kwa Wadatoga. Safari hiyo tulikwenda na mahindi, na pia na ombi la msamaha kwa ajili ya mifugo yao tuliyoitoza faini mwaka uliotangulia.