Kiunzi cha Majaribio

Wasomi wanalijua neno kiunzi kutoka "kiunzi cha nadharia", lakini asili yake ni kwa mafundi: ni umbo la mbao au fito linalosimamishwa kwanza, ndipo mengine yafungwe juu yake. Katika uandishi wa programu, kiunzi ni msimbo uliokwisha kupanga mwendo wa kazi, ukamwachia mwandishi nafasi za kujaza. Wengi husema "mfumo". Nalikataa, kwa kuwa mfumo tayari umebebeshwa mengi mno, malipo kwa siasa.

Kiunzi si maktaba pia. Maktaba huitwa na msimbo wako unapoihitaji. Kiunzi ndicho kinachouita msimbo wako. JUnit, kiunzi cha majaribio ya Java kilichoanzishwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997, hufanya hivyo hasa. Unaandika jaribio, unalitia alama ya @Test. JUnit hulitafuta, huliendesha na kukuambia limepita au limeanguka.

JUnit ni programu huria. Huria ni zaidi ya bure: una ruhusa ya kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuusambaza. Ndivyo ilivyo hata DHIS2, programu ya Java inayobeba takwimu za afya Tanzania. Majaribio yake yako wazi kwa yeyote anayetaka kujifunza.

Spock, kiunzi kingine cha majaribio, nacho ni huria, ila majaribio yake huandikwa kwa Groovy, lugha inayotumia mashine ileile ya Java. Groovy hukubali jina la mbinu, hapa jaribio lenyewe, liwe sentensi nzima ndani ya alama za mtajo, na sentensi hiyo yaweza kuwa ya Kiswahili. Kwangu hili ni jambo kubwa.

Chukua mfano wa Tengeru, mkoani Arusha: kuna Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia, na pia kampasi ya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo. Tuseme mwanafunzi wa Taasisi ya Nelson Mandela anaandika programu ya kuhesabu maziwa. Ng'ombe akichomwa antibiotiki, maziwa yake hayauzwi mpaka siku zilizowekwa kwa dawa ile ziishe. Jaribio lake la Spock aliite "maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa hayaingii kwenye mauzo". Likianguka, maneno hayohayo ndiyo yanayotokea kwenye ripoti. Mtaalamu wa mifugo asiyejua Java atayaelewa, na ataweza kuuliza swali ambalo mwandishi hakuliwaza: hizo siku zinahesabiwa tangu sindano ya kwanza, au ya mwisho?