Ndai ya Mbio ya Wanafunzi: Vile Unaitoa Karakana ya Chuo Hadi Silverstone

Wasee wengi wakiskia mbio za magari wanafikiria Safari Rally pale Naivasha: vumbi, Subaru na nyama choma. Lakini kuna mbio ingine ambayo gari hainunuliwi. Wanafunzi wa chuo ndio wanaichora, wanaichomelea, wanaiendesha na bado wanajibu maswali ya majaji. Inaitwa Formula Student.

Ilianza Marekani mwaka wa 1981 ikiitwa Formula SAE. Uingereza wakaanzisha yao 1998, na siku hizi inafanyika Julai kwa uwanja wa Silverstone.

Leo tunakupa ramani yote. Mfano wetu ni msee ametoka Sangailu, kule Ijara, kaunti ya Garissa, anasomea uhandisi Nairobi. Mbona Sangailu? Juu huyo akifika, wa Thika hana kisingizio.

1. Kitambulisho kwanza, injini baadaye

Dereva lazima awe na leseni halali. Leseni ya Kenya inataka kitambulisho. Pasipoti ya mtu mzima pia inataka kitambulisho. Hapo ndipo ndoto za vijana wengi wa Kaskazini Mashariki zimekuwa zikikwama, juu kwa miaka mingi walikuwa wanahojiwa na kamati maalum kabla wapewe hiyo kadi, kitu msee wa Nyeri hajawahi kupitia. Februari 2025 Rais Ruto akiwa Wajir alitia sahihi agizo la kumaliza hayo mahojiano. Kama bado hujajisajili, panga safari ya ofisi kabla mvua iharibu barabara.

Viza ya Uingereza unaweza kuomba kuanzia miezi 3 kabla ya safari, na jibu kwa kawaida linachukua kama wiki 3. Usingoje gari iishe ndio uanze.

2. Soma sheria kabla ushike grainda

Kitabu cha sheria ni kirefu na hakina huruma. Injini ya petroli isizidi sisi 710, na hewa yote inayoingia ipite kwa tundu la milimita 20 ili nguvu isipite kiasi. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma usipungue milimita 1,525. Timu nyingi hutumia injini ya pikipiki kubwa ya sisi 600 hivi. Ya boda inaruhusiwa, lakini itakuacha ukipungia wenzako mkono.

Hesabu za fremu zinatumwa miezi kadhaa kabla ya mashindano. Ukichelewesha karatasi unakatwa pointi, au unafungiwa nje na gari yako safi kabisa.

3. Pointi ziko wapi?

Hapa ndio watu hushangaa. Kwa mfumo wa Formula SAE, pointi zote ni 1,000. Usanifu wa gari una 150, ripoti ya gharama 100, na kuuza wazo lako la biashara mbele ya majaji 75. Jumlisha: 325 bila hata kuwasha injini! Kufyatuka mbio kwa mstari ulionyooka kuna 100 tu.

Kwa hivyo timu haina doh nyingi? Sawa. Jua kwa nini kila bolti iko pale ilipo, na uweze kueleza. Kama uliokota kipuri Kirinyaga Road kwa bei poa, hiyo si aibu, mradi uonyeshe hesabu yake.

4. Ivunje nyumbani

Kabla ya kukimbia kuna ukaguzi. Gari inainamishwa digrii 60, isipinduke, isivuje. Ukikanyaga breki, magurudumu yote 4 yafunge. Dereva atoke kwenye kiti ndani ya sekunde 5 akiwa amevaa kila kitu. Kelele nayo inapimwa.

Halafu kuna mbio ndefu ya kilomita 22 hivi, yenye pointi 275, na katikati mnabadilisha dereva. Magari mengi hudedi hapo. Tafuta uwanja wenye ruhusa na ukimbize hizo kilomita mara kadhaa. Kitu kikivunjika Juja, fundi yuko karibu. Kikivunjika Silverstone, uko peke yako.

5. Gari nayo inasafiri

Meli kutoka Mombasa hadi Ulaya ni wiki kadhaa. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu juu ya mashambulizi, zikazunguka kupitia kusini mwa Afrika, na safari ikawa ndefu zaidi. Ndege ni ya haraka lakini inakula bajeti, na betri za lithiamu zinahesabiwa mzigo hatari. Mwaga petroli yote. Piga picha kila kipuri na uandike orodha, ndio forodha wajue gari inaenda na itarudi.

Kuna mtu wa huku ameshajaribu?

Wanafunzi wa Makerere walishirikiana na vyuo vingine duniani kuunda gari ya Vision 200, ikaonyeshwa Turin, Italia, mwaka wa 2008. Haikuwa ya mbio, lakini ujuzi ulirudi nyumbani: 2011 wakaendesha Kiira EV, gari ya umeme, na 2016 ikaja basi ya sola, Kayoola.

Sisi Kenya tulikuwa na Nyayo Pioneer. Moi aliambia Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari 1986, zikaonyeshwa Kasarani 1990, halafu pesa ikakosekana na mambo ikaisha. Magari yaliwaka. Kilichokosekana ni mtu wa kulipia hatua iliyofuata.

Kwa hivyo tafuta mfadhili ukiwa bado na michoro tu, na uandike kila kitu ili wa mwaka ujao wasianze sufuri. Na wewe wa Sangailu uliyefikisha miaka 18, kipuri cha kwanza cha hiyo ndai ni kadi ndogo yenye jina lako. Ifuate mapema.