Daraja Lisipigwe Picha Peke Yake



Mpiga picha wa Dar es Salaam ana raha yake. Jioni husimama Kivukoni, akaweka mnara wa Kanisa la Azania Front mbele na maghorofa ya vioo nyuma, akapata zaidi ya miaka mia moja katika picha moja. Wa Ifakara huambiwa kwamba kwake hakuna cha kale. Nasema hilo si kweli.

Kipya cha Bonde la Kilombero ni Daraja la Magufuli, lenye urefu wa meta 384, lililozinduliwa Mei 2018. Cha kale kilicho jirani yake hakina nguzo wala kuta: ni kivuko. Hapo watu wa Ifakara na Ulanga walivuka miaka nenda miaka rudi, kwa mitumbwi, na baadaye kwa pantoni. Ndiyo njia ya kwenda Mahenge, ambako Agosti 30, 1905 wapiganaji wa Maji Maji walilivamia boma la Wajerumani. Na Januari 2016, daraja likiwa bado linajengwa, pantoni ilipinduka ikiwa na watu na magari.

Picha nyingi nizionazo huonyesha daraja tupu, kana kwamba lilishuka kutoka mbinguni. Mtoto atakayezitazama kesho atajuaje lilijengwa kwa nini?

Basi mwenye kamera ateremke ukingoni upande wa Ulanga, aelekee Ifakara. Jua huzama nyuma ya milima ya Udzungwa, na giza la kwetu halina subira. Anazo dakika kama ishirini. Asipige jua likiwa kali, maana zege litang'aa na kuficha mengine. Likishazama, anga na maji hulingana mwanga. Kamera ikae juu ya stendi, lenzi iachwe wazi sekunde mbili tatu. Mbele aweke mahali pantoni ilipokuwa ikipakia watu, nyuma daraja. Akimpata mzee aliyevuka enzi hizo, amsimamishe hapo.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Daraja ni mali yetu, nasi tunalishukuru. Lakini picha ikishatoka, andikeni nyuma yake mwaka, jina la mzee huyo, na alivyovuka. Wazee hao hawatatungoja.