UZI: Nani hutoa sikukuu Kenya? Historia fupi ya tarehe tunazobishania

1/ Mwezi wa kumi ukikaribia, mabishano hapa ni yale yale. "Sikukuu ni nyingi, zinaua uchumi." "Mkubwa ametupatia Jumatatu, tushukuru." "Mbona hii siku imebadilishwa jina tena?" Leo tuangalie historia yenyewe. Kama kawaida ya nyuzi hizi, sitataja mwanasiasa wala chama. Ukisoma "rais wa kwanza" unajua mwenyewe.

2/ Tuanze na msingi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 9, inataja siku za kitaifa tatu tu: Madaraka (1 Juni), Mashujaa (20 Oktoba) na Jamhuri (12 Desemba). Hizi hakuna waziri anayeweza kuziondoa akiamka vibaya. Sikukuu zingine zote Katiba imeliachia Bunge lizipange kwa sheria.

3/ Hapa wengi huchanganya, hata wale hupiga kelele kwa mikutano. 1 Juni 1963 tulipata serikali ya ndani, mkoloni bado yupo. 12 Desemba 1963 tukapata uhuru. 12 Desemba 1964 tukawa jamhuri. Kwa hivyo 12 Desemba imebeba mambo mawili, uhuru na jamhuri, kwa mwaka mmoja tofauti.

4/ 20 Oktoba ndiyo yenye hadithi nzito. Siku hiyo mwaka wa 1952 gavana wa mkoloni alitangaza hali ya hatari. Usiku huo polisi na wanajeshi waliingia manyumbani wakakamata zaidi ya watu 100. Sita kati yao walipelekwa Kapenguria wakashtakiwa na wakafungwa. Maelfu wengine waliingia msituni, na wengi zaidi wakaishia kambini.

5/ Baada ya uhuru, tarehe hiyo ikapewa jina la mtu mmoja kati ya wale sita: rais wa kwanza. Kwa zaidi ya miaka 40 mtoto wa shule aliimba na kukariri siku ya mtu mmoja, ilhali nyanya yake aliyepeleka chakula msituni gizani hakuwa na siku. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoifanya ya mashujaa wote.

6/ Sasa 10 Oktoba. Hii ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa heshima ya rais wa pili, akiwa bado madarakani. Katiba mpya ilipokuja haikuitaja, na serikali ikaacha kuisherehekea. Watu wakaenda kazini, maisha yakaendelea. Wengi tuliamini imekufa.

7/ Lakini haikuwa imekufa. Novemba 2017 Mahakama Kuu ilisema siku hiyo bado ni sikukuu. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa bado imeandikwa katika jedwali la Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, na hakuna aliyeibadilisha kisheria. Mwaka uliofuata, 2018, tulipumzika 10 Oktoba tena.

8/ Mafunzo hapo ni makubwa kuliko siku moja ya kulala. Serikali haiwezi kufuta sheria kwa kuinyamazia. Ukipenda ule uamuzi au usipende, ndivyo ilivyo: kama hutaki kitu kilichoandikwa, rudi ukiandike upya.

9/ Baada ya hapo, tarehe ile ile ikapewa majina kama mtoto wa mjini. Iliitwa Huduma, ikaitwa Utamaduni, na tangu 2024 tunaiita Siku ya Mazingira. Tarehe haijasonga hata siku moja. Kila aliyekaa kitini ametaka tukumbuke kitu chake.

10/ Na zile sikukuu za ghafla je? Sheria hiyo ya Sura ya 110 inampa waziri uwezo wa kutangaza siku ya ziada kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Ndivyo tulivyopumzika 6 Novemba 2008, Wamarekani walipomchagua rais mwenye asili ya Kogelo. Ndivyo tulivyopumzika 13 Novemba 2023 kupanda miti, na 10 Mei 2024 kuomboleza waliouawa na mafuriko.

11/ Jumatatu pia si zawadi ya mtu. Sheria inasema sikukuu ikiangukia Jumapili, siku inayofuata ni ya mapumziko. Mashujaa ya 2024 ilikuwa Jumapili, tukapumzika Jumatatu. Madaraka ya 2024 ilikuwa Jumamosi, hatukupata kitu. Kwa hivyo mkubwa akisimama jukwaani kukutangazia Jumatatu, anakusomea sheria tu.

12/ Kuna wanaosema: tuhamishe zote Jumatatu, tupate wikendi ndefu, hoteli za Mombasa na Naivasha zijae. Marekani walijaribu. Sheria ya 1968, iliyoanza kutumika 1971, ilisukuma sikukuu kadhaa hadi Jumatatu, ikiwemo siku ya wanajeshi wastaafu ambayo ni 11 Novemba.

13/ Wale wazee wa vita walikataa. Kwao 11 Novemba ni siku bunduki zilinyamaza mwaka wa 1918, huwezi kuipeleka Oktoba ndio watu wauziwe safari. Majimbo mengi yakagoma kuifuata. Kuanzia 1978 siku hiyo ilirudi 11 Novemba, zile zingine zikabaki Jumatatu. Hebu fikiria sisi tukisogeza 20 Oktoba. Tutasogeza pia ule usiku wa 1952?

14/ Sasa niseme kitu ambacho hakisemwi sana. Mimi nimelelewa na mama aliyeuza githeri kando ya mjengo. Sikukuu ikitangazwa Jumatano kwamba ni Ijumaa, mahindi na maharagwe yameshanunuliwa, mengine yameshalowekwa. Vibarua hawaji. Tulikuwa tunakula githeri hiyo mpaka Jumapili jioni. Kwetu "wikendi ndefu" ilikuwa jina lingine la hasara.

15/ Kisheria, kanuni ya jumla ya mishahara inasema anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya kiwango chake cha kawaida. Vizuri kabisa, kama umeajiriwa na una karatasi. Msee wa mjengo anayelipwa kwa siku, siku isiyo na kazi haina pesa. Mwenye ofisi anapumzika na mshahara, kibarua anapumzika na njaa.

16/ Kwa hivyo wale wa "sikukuu zinaua uchumi" wana hoja nusu. Tarehe inayojulikana mwaka mzima hupangiwa: mwenye kiwanda anapanga, mama wa githeri anapanga. Inayoumiza ni ile ya siku mbili. Na mara nyingi mwenye kutangaza si yeye anayelala na sufuria imejaa.

17/ Kwa maoni yangu: tarehe tatu za Katiba zikae pale pale zilipo, kwa sababu zina watu ndani yake. 10 Oktoba Bunge likae chini, liamue mara moja ni ya nini, lisiiguse tena. Na siku za ghafla zibaki kwa msiba mkubwa tu, si kwa furaha ya wakubwa.

18/ Kazini kwako huwa mnalipwaje siku ya sikukuu? Wa mjengo, wa boda, wa sokoni, wa hoteli, walinzi, tuambieni hapo chini. Ya ofisini tunayajua.