Mawingu Mawili Juu ya Msambweni

Mwishoni mwa Novemba, yapata saa tatu usiku, mbingu ikiwa safi na mwezi haujatoka, aliye ufuoni Msambweni, Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, huona galaksi mbili za mbali kwa macho matupu. Kaskazini, nusu ya njia kwenda utosini, ipo Andromeda, miaka ya nuru milioni 2.5 kutoka hapa. Kusini, chini kuelekea Shimoni, lipo Wingu Dogo la Magellan, miaka ya nuru 200,000 hivi. Mkazi wa London hili la pili halioni katu. (Diani sijui kama inafaa kujaribu, taa za mahoteli zimeshaila nusu ya mbingu.)

Kwa nahodha, madoa haya hayana kazi. Yeye anataka nyota yenye ncha. Mabaharia wa zama za Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyeandika Kitab al-Fawa'id mnamo 1490 hivi, walipima kimo cha nyota kwa vidole, au kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, fundo likibanwa kwa meno. Chombo kikiteremka na kaskazi, Nyota ya Kaskazini huzidi kuinama hata ikazama. Huku Kwale, kusini mwa ikweta, haipo tena, na lazima nahodha ashike nyota nyingine. Mwanafalaki Abd al-Rahman al-Sufi, yeye, hakuwa na chombo cha kufikisha bandarini. Mwaka 964 aliitaja Andromeda kitabuni mwake kama wingu dogo, kwa kuwa tu lilikuwepo.

Mwanafalaki wa redio amerithi udadisi huo wa al-Sufi, ila yeye haangalii, anasikiliza. Mnamo 1953 na 1954, huko Sydney, Frank Kerr na Jim Hindman walinasa mawimbi ya haidrojeni, yenye urefu wa sentimita 21, kutoka Mawingu ya Magellan. Ilikuwa mara ya kwanza kuyapata nje ya galaksi yetu. Mwaka 1975 Morton Roberts na Robert Whitehurst waliifuata gesi ya Andromeda kwa dishi la mita 91 la Green Bank, Marekani, hadi kupita pale nyota zinapofifia. Walitazamia mwendo wa gesi upungue kadiri inavyokuwa mbali na kitovu. Haukupungua. Kuna uzito usioonekana unaoishikilia, na mpaka leo haujajulikana ni kitu gani.

Mvuvi wa Gazi, kijiji jirani, anahitaji giza. Mawingu ya masika yakitanda, nyota zake zimekwenda. Dishi halijali mawingu wala jua la mchana, lakini simu moja mfukoni mwa mgeni ni kero kubwa. Ndiyo maana Green Bank imewekewa eneo la ukimya tangu 1958, na Afrika Kusini ikatunga sheria mwaka 2007 ya kuilinda Karoo, penye madishi yake.

Daraja za kazi nazo hazifanani. Baharia hupanda akawa serahangi, kisha nahodha, na mtihani wake huja alfajiri: ama mlango wa bandari, ama mwamba. Mtafiti hupata uzamivu, huhama nchi kwa mikataba mifupi, huomba saa za dishi mbele ya wenzake, na kosa lake laweza kukaa jaridani miaka kumi bila kumlowesha mtu. Sioni kwamba hilo linamfanya mwepesi. Hesabu za 1975 zinaweza kukaguliwa leo na asiyewajua wenyewe, ilhali masahihisho ya nahodha aliyekufa bila mwanafunzi yamezikwa naye.

Pwani ya Kenya imewahi kuitumikia falaki. Tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano walirusha kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, satelaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru, ambayo baadaye ilinasa eksirei za gesi ya moto katika makundi ya galaksi. Pwani ilitoa mahali. Maswali yalitoka kwingine. Ghana mwaka 2017 ilizindua dishi la simu la Kuntunse likiwa limegeuzwa darubini, na dishi la Longonot, Kenya, limekuwa likitajwa kwa mpango kama huo. Likigeuzwa, kijana wa Msambweni ataweza kwenda Longonot na swali lake mwenyewe.