Kutoka Usingizi wa Janet hadi Kamba ya Nakivale

Irène alimuuguza mama yake mgonjwa wa kifua kikuu usiku baada ya usiku, karibu bila kulala, hadi mama akafariki mwaka 1900. Alipoulizwa baadaye, alisema anajua mama amekufa kwa kuwa watu wanamwambia. Yeye hakumbuki kitu. Lakini akikiona kitanda kutoka upande fulani, husimama akaanza kumnywesha mtu asiyekuwapo, kumpangusa mdomo na kuzungumza naye. Huendelea hivyo kwa saa tatu au nne.

Aliyemtibu ni Mfaransa Pierre Janet, ambaye katika tasnifu yake ya 1889 alieleza jinsi tukio la kutisha linavyojitenga na fahamu na kuishi pembeni. Kabla ya hapo, huko Le Havre, alimtibu binti aliyepofuka jicho la kushoto. Utotoni binti huyo alilazimishwa kulala na mtoto mwenye upele upande wa kushoto wa uso. Janet alimtia katika usingizi wa hipnosia, akambadilishia kumbukumbu: mtoto ni mzuri, hana upele. Jicho likaona. Ufundi mkubwa, ingawa leo daktari anayepandikiza kumbukumbu za uongo angeitwa kujieleza.

Kwa Irène alidai zaidi: asimulie kifo kile kama habari iliyopita. Kazi hiyo ilichukua miezi. Baadaye jina la Freud likavuma, la Janet likafifia, japo hoja yake haikufa. Mwaka 1992 Mmarekani Judith Herman alipanga tiba kwa hatua tatu: usalama kwanza, kisha kukumbuka na kuomboleza, mwisho kurudi kuishi na watu. Hatua ya kwanza ndiyo inayorukwa na wenye haraka, na mgonjwa huumia upya.

Majaribio ya tiba ya aina hii yanayotuhusu zaidi yalifanyika Uganda. Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, wanasaikolojia wa Ujerumani, waliandaa tiba ya masimulizi. Kamba hutandazwa sakafuni kuwa maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Ua huwekwa penye furaha, jiwe penye msiba. Kisha mtu husimulia kwa mfuatano, mshauri anaandika, na kikao kijacho anamsomea.

Hatari huja kwenye jiwe zito. Msimuliaji anapauka, sauti inazama, anakodoa macho pasipo kuona: yupo, hayupo. Mwaka 2010 Schauer na Elbert walieleza kwamba huo ni mwili unaoelekea kuzimia, shinikizo la damu likishuka. Kwa hiyo mshauri hamlazi kama Janet. Anamwambia akaze misuli ya miguu na mikono, ataje vitu anavyoviona chumbani, ndipo waendelee.

Matokeo yaliyochapishwa 2008 yalitoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa Wanyarwanda na Wasomali 277. Kilichopimwa kilikuwa maradhi ya kiwewe kwa jumla, si kujitenga kwa fahamu peke yake. Miezi tisa baadaye, asilimia 70 ya waliosimulia hawakuwa tena na maradhi hayo. Kwa waliofuatiliwa tu bila tiba, asilimia 37. Ushauri wa kawaida nao ulifikia 65, kwa hiyo kamba si muujiza. Walioendesha vikao hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenyewe, waliopewa mafunzo ya wiki chache.