Kitendawili Ndani ya Kompyuta: Historia ya Matini ya Mchezo wa Adventure

Utangulizi

Mhakiki aliyezoea tenzi na riwaya huenda akaona kwamba mchezo wa kompyuta unaochezwa kwa maneno matupu, bila picha wala sauti, haumhusu. Mchezo wenyewe ni mwepesi. Maandishi yanamweleza mchezaji mahali alipo, kisha yanakoma ili aandike amri ya neno moja au mawili, akishaandika, anajibiwa. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba majibizano hayo yana historia inayotugusa sisi wanafunzi wa fasihi simulizi. Hoja yetu ni kwamba kazi inayokamilika kwa jibu la hadhira haiwezi kuhakikiwa kwa haki iwapo iliyohifadhiwa ni sura yake ya mwisho tu.

Chimbuko na Usambazaji

Mfano wetu ni Adventure, mchezo unaojulikana pia kama Colossal Cave Adventure. Mtunzi wake wa kwanza, Will Crowther, alikuwa mtaalamu wa programu katika kampuni ya Bolt Beranek and Newman, Massachusetts, Marekani, na mmoja wa waliojenga mtandao wa ARPANET. Alikuwa pia mpenzi wa kupenya mapangoni. Yeye na mkewe, Patricia, walishiriki kuchora ramani za mapango ya Kentucky. Mwaka 1972 Patricia alikuwa katika kundi lililogundua kwamba mapango ya Flint Ridge yameungana na Mammoth Cave. Ndoa hiyo ilipovunjika, Crowther alitunga mchezo huu katika miaka ya 1975 na 1976, kwa lugha ya Fortran, akikusudia pia kuwafurahisha binti zake. Pango la mchezo lilitokana na pango alilolijua kwa miguu na mikono yake.

Mwaka 1977 Don Woods, wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliukuta mchezo huo, akamtafuta Crowther na kumwomba idhini, kisha akaupanua. Toleo lake, lenye jumla ya alama 350, ndilo lililosambaa kwa kunakiliwa kutoka kompyuta hadi kompyuta, na wengine wakaliongezea yao. Katika mwaka huohuo vijana wanne wa MIT, yaani Tim Anderson, Marc Blank, Bruce Daniels na Dave Lebling, walianza kutunga Zork kwa kuufuata mfano wake. Kampuni ya Infocom, iliyoundwa mwaka 1979, ikaja kuifanya Zork kuwa bidhaa ya dukani.

Mtegaji na Mteguaji

Tukiutazama utendaji wa toleo la 1977, tunauona ujirani wake na kitendawili. Nyoka mkali amezuia njia, na anayeweza kumfukuza ni ndege mdogo; lakini ndege huyo hakamatiki iwapo mchezaji amebeba fimbo fulani. Nguvu haisaidii kitu. Kinachosaidia ni kuyasoma maelezo kwa makini. Mahali pengine mchezaji akiamuru joka liuawe, huulizwa kwa kejeli kama ataliua kwa mikono mitupu. Jibu linalofaulu ni "ndiyo". Swali la balagha limegeuzwa kuwa swali halisi, na huo ndio ujanja wa mtegaji: kulificha jibu mahali ambapo hadhira haidhani kuna jambo la kujibu. Aidha, mchezaji anapokwama, mchezo hukubali kumpa dokezo kwa sharti la kukatwa alama. Aliyewahi kuambiwa "nipe mji" ataitambua biashara hiyo mara moja.

Hata hivyo, tofauti ipo, na ni kubwa. Toleo hili hutambua herufi tano za kwanza za neno, na neno lisilokuwamo katika msamiati wake hulikataa. Fanani wa barazani anaweza kushawishika na jibu asilolitarajia; hadhira inaweza kubishana naye hata akasalimu amri. Mashine haishawishiki. Mchango wa mchezaji hauingii katika kazi mpaka mtu aiandike programu upya, na hapo ndipo nafasi ya Woods inapodhihirika: alikuwa hadhira, akageuka fanani.

Toleo Lililopotea

Ni mgeuko huo uliowapotosha wahakiki. Kwa takriban miaka 30 matini ya Crowther peke yake haikuwa mikononi mwao. Ikazoeleka kudhani kwamba yeye alieleza tu pango halisi, na kwamba njozi zote ni za Woods. Mwaka 2005 msimbo wa Crowther ulipatikana katika nakala za akiba za akaunti ya zamani ya Woods huko Stanford. Dennis Jerz, baada ya kulizuru pango lenyewe, alichapisha uchambuzi wake mwaka 2007. Ikabainika kwamba hazina, nyoka, ndege, vibete warusha mashoka na neno la uchawi xyzzy vyote vilikuwamo tangu mwanzo, sambamba na jiografia iliyolifuata pango kwa uaminifu. Mgawanyo wa Crowther mpimaji na Woods mbunifu ukaporomoka. Uhalisia na njozi vilitoka katika kalamu moja.

Hitimisho

Tusidhani kwamba aibu hiyo ni ya wahakiki wa Marekani peke yao. Mikusanyiko mingi ya vitendawili vyetu imechapishwa kwa safu mbili, swali na jibu. Yaliyokataliwa, ubishi uliozuka, miji iliyotolewa na jibu la zamani lililosukumwa kando na jipya havimo. Tunapodai kwamba kitendawili fulani ni cha kale au ni cha juzi, kwamba kimetoka pwani au bara, mara nyingi tunahukumu kwa toleo moja tu, kama walivyohukumiwa Crowther na Woods. Wao walibahatika, kwa kuwa nakala ya akiba ilikuwapo. Hadhira ya barazani haina akaunti ya kufukuliwa baada ya miaka 30. Mkusanyaji hana budi kuandika tarehe, mahali, majibu yote yaliyotolewa, na ni nani aliyeamua kwamba lipi limetegua.